Mbavu zikivunjika: namna ya kutambua, msaada wa kutoa na makosa ya kuepuka

Pikipiki inapoteleza kwenye mteremko uliolowa mvua, macho ya waliofika kusaidia huenda kwanza kichwani, kisha miguuni. Damu ikikosekana, na mtu akaweza kusimama na kukung'uta vumbi, wengi hushukuru Mungu na kila mmoja akashika njia yake. Majeruhi naye hushika ubavu, akasema ni maumivu tu, akaenda nyumbani. Mara nyingi anakuwa amesema kweli. Lakini zipo nyakati ambapo mtu wa namna hiyo huanza kuhema kwa shida saa chache baadaye, usiku, wakati usafiri umekuwa adimu na jirani wamelala.

Kuvunjika mbavu ni miongoni mwa majeraha ya kifua yanayotokea mara kwa mara. Katika nchi ya vilima kama Rwanda, ambako pikipiki na baiskeli za mizigo ni usafiri wa kila siku, sababu zake ziko karibu: ajali za barabarani, kuanguka kutoka juu ya mti wa parachichi au jukwaa la ujenzi, teke la ng'ombe, kupigwa katika ugomvi, na kwa wazee hata kujikwaa ndani ya nyumba. Kofia ngumu ambayo sheria inamtaka dereva wa pikipiki na abiria wake kuvaa huokoa kichwa, ila kifua hakina kofia. Makala haya yanaeleza jinsi mbavu zinavyovunjika, dalili za kutazama, la kufanya kabla ya kufika hospitalini, na desturi kadhaa ambazo zimezoeleka ingawa zina madhara.

Kizimba kinachopanuka na kusinyaa

Binadamu ana mbavu 24, yaani jozi 12. Zote zimeshikana na uti wa mgongo kwa nyuma. Kwa mbele, jozi 7 za juu hufika moja kwa moja kwenye mfupa wa kidari kwa kuunganishwa na gegedu. Jozi ya 8 hadi ya 10 hujishikiza kwenye gegedu ya ubavu ulio juu yake, na jozi 2 za mwisho huishia hewani bila kushikwa na kitu kwa mbele.

Mpangilio huo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kazi ya kwanza ni ulinzi: ndani ya kizimba hicho mna moyo, mapafu na mishipa mikubwa ya damu, na chini yake, upande wa kulia, ini, upande wa kushoto, wengu, na kwa nyuma, figo. Kazi ya pili ni kupumua. Tunapovuta pumzi, misuli iliyo katikati ya mbavu huziinua, kifua kikapanuka na hewa ikaingia. Tunapotoa pumzi, hushuka. Mkono uliovunjika huweza kufungwa ukatulia. Ubavu hauwezi kutulizwa, kwa maana mwenye nao hana budi kupumua, na kila pumzi humkumbusha jeraha lake.

Mbavu za katikati, takriban kuanzia wa 4 hadi wa 9, ndizo zinazovunjika zaidi. Za juu kabisa zimekingwa na mfupa wa mtulinga na bega, hivyo zikivunjika ni ishara kwamba pigo lilikuwa kubwa mno, na daktari hutafuta pia majeraha ya shingo na ya mishipa mikubwa ya damu. Za chini zikivunjika, hofu huhamia kwenye ini, wengu na figo.

Dalili za kutambua

Dalili kuu ni maumivu makali ya mahali pamoja. Majeruhi huweza kuonyesha kwa kidole kimoja panapouma, na maumivu huongezeka akivuta pumzi ndefu, akikohoa, akipiga chafya, akicheka au akigeuka kitandani. Pakiguswa kidogo, hushtuka. Huenda pakaonekana uvimbe au damu iliyovilia chini ya ngozi, na wengine husema walisikia mlio wa kitu kukatika wakati wa pigo.

Mtazame pia namna anavyokaa. Mwenye ubavu uliovunjika huinamia upande wenye jeraha, hushika mahali hapo kwa mkono, na hupumua pumzi fupi fupi kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Hiyo ni njia ya mwili kujikinga na maumivu, lakini ndiyo hiyo hiyo inayofungua mlango wa matatizo ya baadaye, kama tutakavyoona.

Kwa macho tu huwezi kutofautisha ubavu uliovunjika, ulioingia ufa, au uliochunika tu pamoja na misuli yake. Wala picha ya eksirei haimalizi shaka kila mara, kwa kuwa nyufa ndogo nyingi hazionekani humo. Lengo kubwa la daktari kuagiza picha hiyo ni kutazama kama pafu limeumia. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba picha haionyeshi mfupa uliovunjika, asidhani anashukiwa kudanganya. Maumivu yake ni ya kweli, na matunzo yake ni yale yale.

Dalili za hatari

Ubavu wenyewe, ukivunjika peke yake, hupona. Kinachoua ni kile kilicho nyuma yake. Zifuatazo ni dalili zinazotaka msaada wa haraka bila kungoja asubuhi.

Kwanza, kuhema kwa shida. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akipita 30, au akishindwa kumaliza sentensi bila kukatisha ili avute hewa, hali yake ni mbaya. Huenda ncha ya mfupa imetoboa pafu, hewa ikavuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ikalibana pafu hadi likasinyaa. Huenda pia ni damu iliyojaa mahali hapo.

Pili, sehemu ya kifua inayokwenda kinyume. Mbavu 3 au zaidi zilizo jirani zikivunjika kila moja mahali pawili au zaidi, kipande cha ukuta wa kifua hubaki hakina mshiko. Mgonjwa akivuta pumzi, kipande hicho huingia ndani badala ya kutoka; akitoa pumzi, hutoka nje. Mfungue nguo, utazame kwa mwanga wa kutosha.

Tatu, midomo au kucha kugeuka rangi ya buluu au kijivu. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, tazama ndani ya mdomo, kwenye ulimi na ufizi, ambako mabadiliko huonekana mapema.

Nne, kukohoa damu.

Tano, ngozi ya kifua au shingo kuvimba na kutoa mlio wa kuchakarika ikibonyezwa. Ni alama ya hewa iliyovuja chini ya ngozi.

Sita, maumivu ya tumbo, tumbo kuwa gumu, kizunguzungu, jasho baridi, au mapigo ya moyo kwenda mbio. Maumivu ya bega la kushoto baada ya pigo la mbavu za chini za kushoto yasipuuzwe, maana huweza kuwa ni wengu unaovuja damu. Damu katika mkojo nayo huashiria figo.

Saba, kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida au kupoteza fahamu.

Dalili hizi huweza kuchelewa. Pafu huweza kuvujisha hewa polepole, na wengu huweza kupasuka siku kadhaa baada ya ajali. Ndiyo maana mtu aliyepigwa kifuani hapaswi kulala peke yake usiku wa kwanza.

Hatua za huduma ya kwanza

Hakikisha kwanza kwamba mahali ni salama, hasa kama ni barabarani, kisha omba msaada. Nchini Rwanda, namba ya kuita gari la wagonjwa la SAMU ni 912, na namba ya dharura ya polisi ni 112. Eleza mahali mlipo kwa alama zinazojulikana, idadi ya majeruhi, na kama wanahema kwa shida.

Mwache majeruhi akae namna anayoona ana nafuu. Aliye na fahamu, na asiye na dalili za kuumia shingo au mgongo, hupumua vizuri zaidi akiwa amekaa nusu-wima, ameegemea mto, ukuta au mtu, na ameelemea kidogo upande wenye jeraha. Kufanya hivyo huupa upande mzima nafasi ya kupanuka. Usimlazimishe kulala chali.

Mkono wa upande ulioumia unaweza kuning'inizwa kwa kitambaa kilichofungwa shingoni, ili uzito wake usivute misuli ya kifua. Mpe pia mto mdogo au nguo iliyokunjwa aikumbatie mwenyewe penye maumivu, hasa anapotaka kukohoa.

Kama kuna kidonda kilichotoboa kifua, usikizibe kabisa kwa nailoni au kitambaa kizito. Hewa ikikosa njia ya kutoka, itajikusanya ndani na kulibana pafu hata moyo. Kiache wazi, damu ikitoka kwa wingi, kandamiza pale inapotoka kwa kitambaa safi, na ukiwa macho kwamba kitambaa kilicholowa kisije kikageuka kizibo. Kitu kilichochoma na kubaki ndani, kiwe kisu, ufito au chuma, kisichomolewe. Kizungushie nguo zilizokunjwa ili kisitikisike.

Majeruhi mwenye dalili za hatari asipewe chakula, kinywaji wala dawa ya kumeza, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa. Mfunike asipate baridi, zungumza naye kwa utulivu, na hesabu pumzi zake kila baada ya dakika chache. Idadi hiyo, ikiandikwa pamoja na saa, ni zawadi kubwa kwa daktari atakayempokea.

Akipoteza fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu, upande wenye jeraha ukiwa chini, kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuma kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi. Ukishuku kwamba uti wa mgongo umeumia, mgeuzeni watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda sawa. Akiacha kupumua, anza kukandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hata kama unajua mbavu zake zimevunjika. Mbavu huungana, moyo uliosimama haungoji.

Kumfikisha hospitalini

Mahali ambapo gari halifiki, jirani hubeba wagonjwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa ambayo ni sehemu ya utamaduni wa kusaidiana wa Wanyarwanda. Ni njia njema, mradi tu mwenye jeraha la kifua asilazwe bapa akiwa anahema kwa shida. Weka blanketi zilizokunjwa chini ya mabega na mgongo ili sehemu ya juu ya mwili iinuke.

Kinachopaswa kuepukwa ni kumpakata majeruhi kwenye pikipiki katikati ya dereva na mtu wa nyuma. Hapo kifua hubanwa pande zote mbili, na kila shimo la barabara husukuma ncha za mifupa ndani. Kama hakuna chombo kingine kabisa na maisha yako hatarini, pikipiki ni afadhali kuliko kungoja kifo. Lakini iwe chaguo la mwisho, na mwendo uwe wa taratibu.

Liko jambo jingine linalowahusu hasa wasomaji wetu. Mzungumzaji wa Kiswahili anapomwambia mhudumu kwamba mgonjwa wake "ana kifua", katika matumizi ya wengi maneno hayo humaanisha kikohozi au hata kifua kikuu. Akisema ana "kichomi", huenda mhudumu akafikiria umusonga, yaani nimonia. Katika wasaa wa dharura, tofauti hizo si ndogo. Sema wazi kwamba mgonjwa ameanguka au amegongwa, kisha taja ubavu. Bahati njema lugha zetu ni ndugu: mbavu kwa Kinyarwanda ni imbavu. "Yavunitse imbavu" ni kusema amevunjika mbavu, na "ntabasha guhumeka neza" ni kusema hawezi kupumua vizuri. Sentensi hizo mbili zinatosha kumfanya aliye mapokezini ainue macho.

Makosa yaliyozoeleka

Kosa la kwanza ni kufunga kifua kwa bandeji au kitenge kilichokazwa. Zamani hata hospitalini walifanya hivyo. Baadaye ikabainika kwamba kufunga huko huzuia mapafu kupanuka, makohozi yakatuama, na nimonia ikafuata. Siku hizi madaktari hawapendekezi tena. Kitambaa cha kuning'iniza mkono kinaruhusiwa. Mshipi wa kuzungushia kifua haufai.

Kosa la pili ni kukanda. Mafuta ya moto na mikono yenye nguvu ya muunga mifupa huweza kusaidia misuli iliyochoka, lakini juu ya ubavu uliovunjika mkono huo huo huweza kuusogeza mfupa ukatoboa pafu. Ubavu haurudishwi mahali pake kwa kusukumwa. Kwa kawaida huungana wenyewe, na pale unapohitaji kuunganishwa, kazi hiyo ni ya daktari wa upasuaji.

Kosa la tatu ni kujikaza kiume. Kuvumilia maumivu hapa hakuna sifa, kwa sababu anayevumilia huishia kupumua nusu nusu.

Matunzo ya nyumbani

Aliyechunguzwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani hupona kwa kawaida katika muda wa wiki 6 hivi, na wengine huchukua muda mrefu zaidi. Siku za mwanzo, kitambaa kilichochovywa katika maji baridi, au barafu iliyofungwa kwa nguo, huwekwa mahali penye maumivu kwa dakika zisizozidi 20 kwa mara moja.

Dawa za maumivu, kama parasetamoli, zimezwe kwa kiwango alichoandika mhudumu wa afya na kwa saa zake, wala si kwa kungoja maumivu yafike kileleni. Ibuprofeni haifai kwa kila mtu: wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo na wajawazito waulize kwanza.

Kila saa mgonjwa awapo macho, avute pumzi ndefu taratibu kiasi cha mara 10, kisha akohoe akiwa amekumbatia mto kifuani. Itauma, lakini ndiyo kinga ya nimonia. Atembee kidogo kidogo ndani ya nyumba badala ya kulala kutwa. Usiku, wengi hupata nafuu wakilala nusu-wima. Sigara ziachwe, na mizigo mizito isibebwe. Kwa dereva wa pikipiki au mbeba mizigo anayekula kwa jasho la siku, wiki 6 ni nyingi, na familia yake inalijua hilo kuliko daktari. Hata hivyo, anayerudi kazini mapema akapata nimonia hupoteza siku nyingi zaidi, na pengine zisirudi.

Homa, makohozi ya njano, kijani au yenye damu, kuhema kunakozidi, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, vyote ni sababu ya kurudi kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mjumbe wa afya wa kijijini anaweza kusaidia kumtazama mgonjwa na kumwelekeza mapema.

Wazee na watoto

Mifupa ya mzee huweza kuvunjika kwa pigo dogo, hata kwa kikohozi kikali. Kwa umri wake, kila ubavu unaoongezeka katika hesabu ya iliyovunjika huongeza hatari ya nimonia. Mzee aliyeanguka na kulalamikia ubavu apelekwe akapimwe, hata kama anaweza kutembea na kusema hajambo.

Kwa mtoto hali ni kinyume. Mbavu zake ni laini na hupinda bila kuvunjika, kwa hiyo pafu huweza kuumia huku mifupa ikiwa mizima. Mtoto aliyegongwa apimwe hata kama hana alama nje. Na mbavu za mtoto mchanga zikikutwa zimevunjika pasipo ajali inayojulikana, ni wajibu wa wahudumu kuuliza kama kuna mtu aliyemdhuru, na ni wajibu wa familia kusema kweli.

Kinga haina siri kubwa. Mkanda wa gari wenyewe huweza kuchuna kifua au kuvunja ubavu katika ajali kali, lakini asiyeufunga hukutana na usukani au kioo cha mbele, na huo ni mkutano mbaya zaidi. Pikipiki iende kwa mwendo unaolingana na barabara, baiskeli isifungwe mzigo unaozidi breki zake, na anayepanda mti au jukwaa asiwe peke yake. Na yule aliyeanguka, akasimama, akasema ni maumivu tu, mwombe aketi kwanza, umhesabie pumzi kwa dakika moja nzima kabla hamjaachana.